Kipande cha Sabuni Kutoka Nkwenda

Alhamisi saa nne asubuhi konda wa basi la Kyerwa alishusha pale Omurushaka kifurushi kilichofungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Mzee Saleh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi, alikipokea, akakinusa, akanipigia simu.

“Mama Hirwa, umeletewa sabuni.”

“Shikamoo, mzee. Ndiyo hiyo hiyo. Usiiweke juani.”

“Marahaba. Lakini sabuni nauza mimi, miche mizima. Hii imetafunwa.”

“Haijatafunwa, imeumwa na ekseli.”

Akacheka mpaka akakohoa. “Haya, njoo uichukue kabla sijaikatia mteja.”

Nilimfunga Hirwa mgongoni nikapanda bodaboda kutoka Bugene. Dukani nilikifungua kifurushi palepale juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na vitu viwili: nusu mche wa sabuni ya kufulia, ubavuni mwake pamechorwa mistari myembamba iliyolala sambamba, na ukanda wa karatasi ya daftari wenye alama mbili za kalamu. Pembeni ya karatasi, kwa mwandiko ninaoujua kama ninavyoujua wangu, palikuwa pameandikwa: *Mackrine, mtihani ni Jumatatu saa mbili. Uwitonze.*

Uwitonze na mimi tulikaa benchi moja miaka miwili, madarasa ya jioni. Yeye miguu yake haikuwahi kumbeba tangu utotoni. Alikuja na baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuendesha kwa mikono, aliyopewa na wafadhili kutoka nje. Nilipojifungua Hirwa nilikosa wiki sita za masomo. Uwitonze aliandika notisi mara mbili, zake na zangu, na za kwangu aliziandika kwa kalamu nzuri zaidi. Mimi nikafaulu. Yeye mwaka ule mtihani wa kwanza alibebwa na kaka yake mgongoni, mvua ikanyesha, wakafika lango limeshafungwa. Pikipiki hawezi kupanda, nyonga zake hazikubali. Kwa hiyo akarudi nyumbani kwa mama yake, Nkwenda, akajiandikisha upya katika kituo kilicho kilomita tatu kutoka kwao, akasema mwaka huu ataingia langoni mwenyewe.

Halafu wiki mbili kabla ya mtihani, nati ya gurudumu la nyuma kushoto ikapotea njiani. Gurudumu likachomoka, ekseli ikashukia jiwe. Fundi baiskeli wa pale alijaribu nati nyingine ya ukubwa unaokaribiana, ikakataa, akailazimisha kwa spana ndefu, na meno ya mwanzo yakalala kama nyasi zilizolaliwa na ng’ombe. Ekseli yenyewe ni fupi na imechomelewa kwenye fremu. Huwezi kuitoa ukaileta kwenye mashine, lazima umfuate mgonjwa kitandani. Kwa hiyo nilimwomba Uwitonze akandamize sabuni kwenye meno mazima ya ndani, kisha aizungushie ekseli karatasi na kutia alama inapokutana.

“Mngeomba nati ya gurudumu la kulia iwe mfano,” alisema mzee Saleh.

“Nilikataza isiguswe. Imeshika kutu. Wakiilazimisha na hiyo tutakuwa na magurudumu mawili yasiyo na nati.”

“Kwa hiyo unasoma sabuni.”

“Nasoma sabuni.”

Akanipa kipande cha ekseli ya lori iliyokatika, chuma kizuri chenye kaboni, akakataa kuniambia bei. “Mpeleke huyo binti shuleni,” alisema. “Jumapili gari langu linapeleka saruji Nkwenda. Mkiwa tayari saa nne, mtapanda.”

*

Karakana yetu iko nyuma ya nyumba, kati ya jiko na migomba. Baba mkwe wangu, mzee Ambrose, alinunua mashine ya kukereza chuma kutoka kwa kiwanda cha mbao kilichofungwa, miaka mingi kabla sijaolewa. Mume wangu, Mbonimpa, yeye ni wa barabara, anaendesha lori la ndizi kwenda Mwanza na mashine haimvutii. Aliyevutiwa ni mimi. Kwanza nilikuwa namshikia mzee taa. Kisha macho yake yakaanza kupata ukungu nikawa namsomea vipimo. Sasa nakata mimi, yeye anasikiliza. Anaweza kusikia kisu kimekuwa butu akiwa anachambua maharage uani.

“Tata,” nilimwambia, maana ndivyo tunavyomwita baba kwetu, “karatasi inasema mzunguko ni milimita arobaini na mbili na nusu kasoro. Ukigawa kwa pai, kipenyo ni kumi na tatu na nusu.”

“Hakuna nati ya kumi na tatu na nusu.”

“Ndiyo maana wamehangaika.”

“Na meno?”

Nikaweka rula kwenye sabuni, nikahesabu na ncha ya sindano. “Kumi na nane kwenye inchi. Yanapanda kulia. Ya kawaida.”

Naye akaileta sabuni karibu na pua, akaitazama kwa upande wa mwanga. “Yanapanda kulia,” akakubali.

Nieleze kidogo kazi yenyewe. Dai ni kipande cha chuma cha duara, kama biskuti nene, chenye tundu katikati. Ndani ya tundu kuna meno makali. Unaivisha kwenye rodi, unaizungusha, nayo inaiachia rodi meno kwa nje. Lakini ili dai ipate meno yake lazima kwanza utengeneze tepu, yaani kama boliti yenye makali, ikachimbe meno ndani ya hilo tundu. Tepu ndiyo mama. Na tepu hiyohiyo ingenipa mtoto wa pili, nati mpya ya Uwitonze.

Ijumaa nilikereza tepu. Sitajisifu sana, ila siku ile mikono yangu ilikuwa mikono. Nilipita mara kumi na nne, kila mara nikila chuma unene wa unywele, Hirwa amelala kwenye kapu la nguo na mashine inamwimbia. Nikaitia mifereji kwa tupa, nikaikaza kwa moto, nikachimba meno ya dai. Nikatoboa matundu manne kuzunguka katikati ili vumbi la chuma lipate pa kutokea, nikaipasua ubavu mmoja ili iweze kubanwa na kulegezwa.

Jumamosi asubuhi tukaitia dai motoni. Mzee alishika sumaku aliyoing’oa kwenye spika ya redio, anaigusisha kila baada ya muda. Chuma kikifika joto lake sumaku hukataa kukishika. “Imekataa!” alisema, nami nikaitumbukiza kwenye mafuta yaliyokwisha kukaangia maandazi. Uani kote kukanukia kama stendi.

Chuma kikitoka hapo ni kigumu kama kioo na kinavunjika kama kioo. Kinahitaji kupashwa tena, taratibu, kilegee kidogo. Sisi hutumia sufuria ya mchanga juu ya jiko. Unaisugua dai uso wake ung’ae, unailaza mchangani, unatazama rangi ikibadilika.

“Niambie,” alisema mzee, amekaa kwenye kigoda.

“Bado nyeupe. Sasa kama maji ya chai ya jana.”

“Subiri.”

“Imekuwa asali.”

“Subiri, subiri. Nataka senene.”

Ilikuwa Novemba, kila nyumba Bugene inakaanga senene, wale panzi wa msimu, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Senene akiacha kuwa wa kijani na kabla hajawa mweusi kuna rangi moja, ya dhahabu inayoelekea kahawia, na ukiipita hiyo umekula mkaa.

“Senene!”

“Toa!”

Nikaitoa kwa koleo. Iliiva hadi ndani ya meno. Mzee aliipitisha kwenye kidole gumba chake, akaitikia kwa kichwa, akasema, “Mkwe wangu, hii hata mzungu angeipiga picha.”

*

Nikaenda jikoni kukanda unga wa chapati za kumpelekea Uwitonze. Hirwa, ana mwaka mmoja na miezi mitatu na mikono yake haijawahi kukataa kazi, alitumbukiza kiganja cha kulia kwenye unga mkavu, akaja mbio akanipiga pajani. Nilikuwa nimevaa kitenge cheusi. Kiganja kikabaki palepale, cheupe, vidole vitano vimetanuka, kizuri hata nikasita kukipangusa.

Nikamshika mkono ule ule nikaulaza kando ya alama yake, kiganja juu, vidole vikitazama upande mmoja na vya kwenye kitenge. Nilitaka tu kuona amekua kiasi gani.

Dole gumba la mkono lilikuwa kulia. Dole gumba la alama lilikuwa kushoto.

Nikamegua donge la unga, nikatoka nalo mpaka karakana, nikachukua boliti ya kawaida kabisa kutoka kwenye kopo, nikaikandamiza kwenye donge. Kwenye boliti, meno yanapanda kulia. Kwenye unga, yanapanda kushoto.

Na kwenye sabuni yalikuwa yanapanda kulia.

“Tata,” nikaita.

“Nini? Imepasuka?”

“Haijapasuka. Imeiva vizuri kabisa. Ila si ya Uwitonze.”

Alikuja amekunja uso. Nilimwonyesha boliti na donge. Akalichukua donge, akaligeuza juu chini. Mistari ikabaki ilivyokuwa. Akaligeuza tena, kana kwamba unga unaweza kuona aibu ukabadili maneno.

“Hili donge ni bishi,” alisema.

“Donge linasema kweli. Alama ni kama muhuri, inageuza upande. Sabuni ikionyesha kulia, ekseli ni ya kushoto. Ndiyo maana nati ya yule fundi ilikataa. Haikuwa imekwama, ilikuwa inakwenda kinyume.”

“Nimekata chuma miaka thelathini na mbili,” alisema taratibu, “nimepimia sabuni sijui mara ngapi.”

“Zote zilikuwa za kawaida, Tata. Hukuhitaji kuangalia upande.”

Nikampigia Uwitonze. Simu yake ni kitochi, picha haipokei wala haitumi, lakini sauti yake inafika imekamilika.

“Nasoma elektrolisisi,” alisema. “Kama ni habari mbaya iseme kwa fomula.”

“Baiskeli iko karibu?”

“Iko ukutani. Inanitazama kama mbuzi mgonjwa.”

“Itazame ekseli kwa mbele, kwenye ncha. Kule ndani, penye meno mazima, weka ukucha kwenye mfereji, uufuate kama mshale wa saa. Halafu uniambie ukucha unakwenda kwenye fremu au unakuja kwako.”

Nikasikia kuku, nikasikia mama yake, Vestina, akiuliza kwa Kinyarwanda anachofanya.

“Unakuja kwangu,” alisema Uwitonze.

“Una uhakika?”

“Mackrine, ni ukucha wangu. Unakuja kwangu. Ni vibaya?”

“Ni vizuri. Kesho tunakuja, weka chai.”

Nilipokata simu mzee alikuwa ananitazama. “Umeongea kama dai ipo mfukoni.”

“Itakuwepo. Tumebakiwa na nusu ya ekseli ya lori, na mikono ni ileile.”

“Mikono ipo. Mashine ndiyo haijui kushoto.”

*

Hilo lilikuwa kweli kwa namna yake. Ili kukata meno yanayopanda kushoto, kisu hakitoki nje kwenda ndani kama siku zote. Kinaanzia ndani, karibu kabisa na pale chuma kinapobanwa, na kinarudi nyuma. Kuna mkono mdogo ubavuni mwa mashine wa kugeuza mwendo huo. Kwetu ulikuwepo, lakini kila Krismasi mzee huipaka mashine rangi ya kijani inayobaki kwenye madirisha, na mkono ule ulikuwa umezikwa chini ya Krismasi zote hizo.

“Nilitaka ipendeze,” alisema.

“Imependeza. Lete wembe.”

Tulikwangua kwa wembe, tukamwagia mafuta ya taa, tukagonga kwa mpini wa nyundo. Mzee alisikiliza kila pigo. “Hapo. Hapana, chini yake. Hapo sasa.” Baada ya saa nzima ukaachia kwa mlio mfupi, kama mtu aliyeamshwa, na magamba ya kijani yakanidondokea miguuni. Niliwasha mashine. Kile kisu, ambacho tangu nikifahamu kimekuwa kikinijia kutoka kulia, kikaanza kuondoka kwenda kulia.

“Kinakwenda?” aliuliza mzee.

“Kinakwenda.”

“Nasikia kama mashine ya mtu mwingine.”

Nilichimba kwanza mfereji mdogo wa kisu kuanzia, kisha nikakata. Mara ya tatu nilisahau, mkono wangu ukavuta kwa mazoea upande wa zamani, na mzee akapiga ukelele kabla mimi sijaona kosa. Nikasimama, nikanawa uso, nikamnyonyesha Hirwa, nikaanza tena. Jua lilipogusa migomba, tepu ya kushoto ilikuwa imekazwa na imepoa. Jumapili alfajiri nikachimba dai na nati. Saa tatu na nusu dai ilikuwa mchangani. Safari hii mzee hakuuliza rangi. Aliniachia.

Saa nne kamili mzee Saleh alipiga honi barabarani. Aliniona natoka na mtoto mgongoni, mfuko wa vifaa begani na chapati mkononi, mzee Ambrose akinifuata. “Sabuni yangu iko wapi?” aliuliza.

“Imemfua mtu,” nilisema. “Imenifua mimi.”

*

Uwitonze alikuwa uani kwao, juu ya mkeka, madaftari yamemzunguka kama vifaranga. Baiskeli ilikuwa imelazwa ubavu, ekseli ikitazama juu. Niliipima kwa venia, kile kipimo cha taya mbili, kabla hata ya kunywa chai. Kumi na tatu na nusu. Karatasi yake haikudanganya.

“Kuna ya akiba?” aliuliza mama Vestina.

“Dai ipo moja, mama. Na ekseli moja.”

Akamchukua Hirwa.

Nilichonga ncha ya ekseli kwa tupa ili dai ipate pa kuingilia. Nikailegeza kwa skrubu yake ndogo, isile sana mara ya kwanza. Nikapaka mafuta. Nikaiweka sawa kwenye mpini wake, mzee Ambrose akachuchumaa na kuegemeza sikio karibu na fremu.

“Kushoto, mkwe,” alisema kwa sauti ya chini.

“Najua, Tata.”

“Najua unajua.”

Nikazungusha kinyume cha saa. Ilisita. Nikakandamiza kwa uzito wa mwili, nikahisi jino la kwanza likishika, kisha la pili. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma kukata vumbi. Uchafu wa chuma ukaanza kutoka kwenye yale matundu manne, mwembamba, unajikunja. Nilipofika palipolala meno kabisa dai ilikaza, mpini ukanipinga.

“Usirudi nyuma,” mzee alisema. “Inalalamika tu. Haijaumia.”

Nikaliamini sikio lake. Nikasogeza kidogo, kidogo tena, na ghafla ikalainika, kwa sababu ilikuwa imeyafikia meno mazima ya ndani na imeyatambua. Mstari wangu na mstari wa kiwanda ikakutana bila kugongana. Nikaitoa, nikaibana skrubu, nikaipitisha mara ya pili.

Nati nilimpa Uwitonze. Alijiburuta mpaka kwenye ekseli, akaiweka, akazungusha kulia kwa mazoea. Ikazunguka bure.

“Upande wa pili,” nilisema.

Akageuza. Ikashika. Ikashuka kwa vidole vitatu tu, laini, mpaka chini. Aliipandisha akaishusha tena. Mara ya tatu nikaona anaifanya kwa raha yake tu.

“Sikiliza,” nilimwambia. “Hii inakazwa kushoto na kufunguliwa kulia. Mtu yeyote akija na spana, mwambie wewe kwanza.”

“Atanisikia?”

“Una rangi ya kucha?”

Alikuwa nayo, nyekundu. Tulichora mshale kwenye fremu, na chini yake akaandika KUSHOTO kwa mwandiko wake ule wa notisi.

Tulifunga gurudumu. Uwitonze alipanda, akasema anataka kupima njia. Mzee Saleh alitaka kumfuata na gari, akakatazwa. Tukabaki tunakula chapati zangu, mama Vestina akitazama barabara na mimi nikitazama saa. Dakika thelathini na tano kwenda, arobaini kurudi maana kuna mlima. Alirudi mikono imejaa vumbi jekundu, anacheka na kuhema.

“Nati haijasogea,” alisema. “Nimekagua kila kona. Kesho natoka saa kumi na mbili na nusu. Nikifika langoni nitakubipu, halafu nampa mlinzi simu. Usipokee.”

“Sipokei.”

“Mackrine, nakujua. Usipokee, nina salio la kubipu tu.”

*

Jumatatu nilikuwa karakana saa moja asubuhi. Ile dai ya kwanza, ya kulia, mzee alikuwa ameitundika kwenye msumari juu ya mashine, na chini yake akalibandika lile donge la unga, limekauka na alama ya boliti juu yake. “Shule ya jioni,” alisema nilipouliza.

Simu niliiweka juu ya benchi, kati ya tupa na maziwa ya Hirwa. Saa moja na dakika kumi na moja ikatetemeka. Jina lake likawaka. Mkono wangu ulikwishafika juu ya kitufe nikauzuia kwa mkono mwingine. Ikalia mara moja, mara mbili, ikanyamaza.

“Nani?” aliuliza mzee kutoka uani.

“Uwitonze. Yuko langoni.”

Nilimsikia akisogeza kigoda chake karibu na mlango, akakaa.

“Basi washa,” alisema. “Leo nataka kukisikia tena kisu kikiondoka kwenda kulia.”